Mtoto ana selimundu, baba "hana": kabla ya kumtuhumu mke



Katika barua zinazotufikia kutoka Mwanza na visiwa vya Ziwa, kuna swali moja ambalo limerudi kwa sura mbalimbali kiasi kwamba hatuwezi tena kulijibu kwa mistari miwili ya pembeni. Mtoto anaugua mara kwa mara: vidole vinavimba, macho yanageuka manjano, anaongezewa damu, anarudi nyumbani, na mwezi haujapita analazwa tena. Anapimwa na kukutwa na selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu tunauita sikoseli. Wazazi wanaelezwa kwamba mtoto hupata maradhi haya anaporithi kwa baba na kwa mama pia, hivyo wote wawili wanakwenda kupimwa. Majibu ya mama yanaonesha kwamba anabeba. Ya baba yanaonesha kwamba hana. Hapo ndipo mawifi wanapoanza kunong'ona, na baba mwenyewe, ambaye jana alikuwa akikesha wodini na mwanawe, anaanza kuhesabu miezi.

Mama mmoja ametuandikia kwamba amekwisharudishwa kwao, na kwamba mumewe amekihifadhi cheti cha maabara kabatini kama mtu anayehifadhi hati ya mahakama. Hatutamtaja yeye wala kituo walikopimwa. Tunalotaka kusema, na tunalisema mapema kwa sababu huenda kuna nyumba ambayo wiki hii hii inaelekea huko, ni kwamba cheti cha namna hiyo hakithibitishi zinaa. Hakikaribii hata kuithibitisha.

Tuanze na damu yenyewe. Wekundu wa damu unatokana na hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu kwenda kwenye viungo. Kila chembe ya hemoglobini imefungwa kwa minyororo minne: miwili huitwa alfa na miwili huitwa beta. Mnyororo wa beta una asidi amino 146 zilizopangwa kwa utaratibu maalumu, na maelekezo ya mpangilio huo yamo katika jeni ambayo kila mmoja wetu amepewa nakala mbili, moja na baba na moja na mama. Hemoglobini ya kawaida ya mtu mzima huitwa A. Katika selimundu, asidi amino moja tu, ile ya sita katika mnyororo wa beta, imebadilika. Vernon Ingram aliligundua hilo huko Cambridge mwaka 1957. Kitu kimoja kati ya 146, na chembe nyekundu ya damu inapopungukiwa oksijeni hujikunja kama mundu wa kuvunia na kuziba mishipa midogo. Hemoglobini hiyo huitwa S.

Aliye na A kutoka kwa mzazi mmoja na S kutoka kwa mwingine ni mbebaji, naye kwa kawaida huishi na afya njema maisha yake yote. Aliye na S mbili ni mgonjwa. Mpaka hapa wengi wanafahamu, na ni jambo la kheri kwamba elimu hii imeenea. Tatizo ni kwamba imeenea nusu. Watu wamebaki wakidhani kwamba ziko hemoglobini mbili tu duniani, nzuri na mbaya, na kwamba asiye na S basi ni msafi na hawezi kuwa mzazi wa mtoto mwenye selimundu.

Hemoglobini zilizokwisha kutambuliwa na wataalamu zimepita elfu moja. Nyingi hazina madhara yoyote. Mtu huzaliwa nayo, huoa, huzaa, huzeeka na kufa bila kujua. Nyingine hugunduliwa kwa bahati, mathalani mgonjwa wa kisukari anapopimwa wastani wa sukari ya miezi mitatu na majibu yakaja ya ajabu kwa sababu hemoglobini yake inaivuruga mashine. Lakini zimo chache ambazo peke yake hazimdhuru mtu, ila zikikutana na S katika mwili wa mtoto mmoja huleta selimundu, yenye maumivu na upungufu wa damu.

Mashuhuri kati ya hizo ni D, inayoitwa D ya Punjab kwa kuwa ndiko inakopatikana kwa wingi, nayo imo pia Gujarat na sehemu nyingine za magharibi ya Bara Hindi. Iko C, ambayo chimbuko lake ni Afrika ya Magharibi. Iko O-Arab, iliyopewa jina hilo kwa sababu ilitambuliwa kwanza katika familia ya Kiarabu. Na pembeni yake iko thalasemia ya beta, ambayo haiundi hemoglobini ya sura nyingine bali inapunguza au kuzuia kabisa utengenezaji wa mnyororo wa beta. Hii imeenea katika nchi za Kiarabu, Uajemi, Bara Hindi na pwani zote za Mediterania.

Sasa mtazame msomaji wetu wa Mwanza ni nani. Mji ule ni wa Wasukuma na Wakerewe, Wahaya na Wajaluo, Wamanyema, na kizazi cha Waarabu wa Oman waliopitia Tabora, na Wahindi wa Gujarat na Kachchh, na Wabaluchi, na watu wa pwani waliofuata reli na biashara ya pamba na samaki. Ukikaa asubuhi moja pale Mwaloni, Kirumba, dagaa zinaposhushwa, utasikia lafudhi za nchi nne. Waislamu hawa wameoana kwa vizazi. Mtu anaitwa Msukuma kwa jina na kwa lugha, na bibi wa bibi yake alizaliwa Kutch au Nizwa. Familia imekwisha kusahau, damu haijasahau. Hatusemi haya ili mtu aanze kuzigawa koo katika za salama na za hatari. S yenyewe ni ya kwetu, na ndiyo inayolaza watoto wengi kuliko zote. Tunachosema ni kwamba baba wa Mwanza anaweza kuwa na D au thalasemia bila yeye wala mama yake mzazi kuwa na habari.

Baba huyo akienda kupimwa, mara nyingi atapimwa kwa kipimo cha haraka. Damu kidogo hutiwa katika kichupa chenye dawa inayoiondolea oksijeni. Maji yakibaki angavu, mistari iliyochorwa nyuma ya kichupa ikasomeka, majibu huandikwa hasi. Yakiingia ukungu, huandikwa chanya. Kipimo hiki ni rahisi, cha bei nafuu na chenye manufaa, lakini kinauliza swali moja tu: je, humu mna S? Hakiulizi kuna nini kingine. Damu ya mwenye D itabaki angavu. Ya mwenye C itabaki angavu, na ya mwenye thalasemia vivyo hivyo. Fundi wa maabara ataandika "hasi" na atakuwa amesema kweli. Uongo unaingia pale ndugu wanaposoma neno hilo kana kwamba limeandikwa "huyu si baba wa mtoto".

Kipimo hicho hicho kina udhaifu mwingine. Hakimtenganishi mbebaji na mgonjwa, kwani wote wawili ni chanya. Kwa mtoto mchanga wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hasi na mtoto ni mgonjwa, kwa sababu damu yake bado imejaa hemoglobini ya tumboni. Na aliyeongezewa damu karibuni anapimwa pamoja na damu ya aliyemchangia. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, hivyo majibu ya kuaminika hungojewa miezi mitatu au zaidi.

Mtu atasema: basi tufanye kipimo kikubwa, kile cha umeme. Ni ushauri mzuri. Kipimo hicho huitwa elektroforesi, na kilianza kutumika kwa ugonjwa huu mwaka 1949, Linus Pauling na wenzake huko Marekani walipoonesha kwamba hemoglobini ya mgonjwa hutembea kwa mwendo tofauti katika uwanja wa umeme. Matone ya damu huwekwa juu ya karatasi maalumu, umeme hupitishwa, na kila hemoglobini husimama mahali pake. Hata hapa pana mtego. Katika maji ya alikali, ambayo ndiyo njia iliyozoeleka, D husimama pale pale inaposimama S, na C, E na O-Arab nazo hujikusanya mahali pamoja. Mtoto aliyerithi S kwa mama na D kwa baba ataonekana ana mstari mmoja mnene, na ataandikiwa SS. Baba yake, mwenye A na D, akipimwa kwa njia hiyo huenda akaandikiwa kwamba ni mbebaji wa S, hali jana kichupa kilisema hana. Majibu mawili yanayopingana juu ya mtu mmoja, na yote yametoka kwa watu waliofanya kazi yao kwa uaminifu! Mtaalamu mzoefu hutambua kwamba mgongano huo wenyewe ndio dalili. Atairudia damu katika maji ya asidi, ambamo D huiacha S na kwenda kukaa na A, au ataipitisha katika mashine ya kromatografia inayozitenga hemoglobini kwa muda zinaotoka.

Thalasemia ni ya siri zaidi. Elektroforesi ya kawaida itamwandikia baba AA, yaani mzima kabisa. Alama yake ni ndogo: chembe nyekundu zake ni ndogo kuliko kawaida, na hemoglobini iitwayo A2, ambayo kwa watu wengi haifiki asilimia tatu na nusu, kwake imepanda juu ya hapo. Asipopimwa hiyo A2 hatajulikana. Na akiwa na upungufu wa madini ya chuma, hata A2 inaweza kushuka na kumficha.

Tumesema hemoglobini nyingine hupewa jina la mahali zilikotambuliwa, basi ni haki kutaja iliyotoka kwetu. Mwaka 1972 wataalamu walieleza hemoglobini waliyoiita Kenya. Katika mtu huyu, jeni ya hemoglobini ya tumboni na jeni ya beta zilikatika na kuungana, zikazaa mnyororo mmoja wenye mwanzo wa ile na mwisho wa hii. Baadaye watafiti walikwenda kuitafuta kwa Wajaluo wa Kenya Magharibi, watu wa ufuko wa Ziwa ambao ndugu zao wako Rorya kwa upande wetu, wakaikuta. Anayeibeba ni mzima, na aliyeirithi pamoja na S kwa kawaida hali yake huwa nyepesi, maana hemoglobini ya tumboni haimwishi na inamkinga. Kwa kichupa cha haraka, baba mwenye hemoglobini Kenya naye ni "hasi".

Si ajabu sana kwamba Ziwa hili linatajwa katika elimu hii. Mwaka 1949 Hermann Lehmann, tabibu aliyekimbia Ujerumani ya Hitler na baadaye akafanya kazi Uganda, alichapisha pamoja na Alan Raper utafiti juu ya kuenea kwa selimundu katika makabila ya nchi ile. Baadaye, akiwa Uingereza, akawa miongoni mwa watu waliotambua hemoglobini ngeni nyingi kuliko wengine wote. Mwaka huo huo kijana Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu nyanda za juu, pwani na kando ya Ziwa, akaona kwamba wabebaji ni wengi pale penye malaria na ni wachache mno pale isipokuwepo. Mwaka 1954 akatoa hoja yake kwamba S moja humkinga mtoto na malaria kali. Kwa maneno mengine, jambo ambalo leo linafanya mke atuhumiwe ni lile lile lililowabakisha hai babu zake.

Na kwa Mwanza yenyewe tunayo hesabu. Kati ya mwaka 2017 na 2018, Hospitali ya Bugando na washirika wake walipima damu ya watoto wachanga zaidi ya 17,000 wa mikoa ya Kanda ya Ziwa, wakitumia matone yaliyokaushwa ambayo tayari yalikuwa yamekusanywa kwa kipimo kingine. Mtoto mmoja katika kila watano alikuwa mbebaji wa S, na zaidi kidogo ya mmoja katika kila mia alikuwa mgonjwa. Tanzania nzima hukadiriwa kuzaliwa watoto wagonjwa wapatao 11,000 kila mwaka. Katika mikoa ambayo wabebaji ni wengi kiasi hicho, S itakutana na kila kitu kilichomo katika damu za watu wake.

Turudi kwa mume na cheti chake. Imepokewa katika Bukhari na Muslim, kwa Abu Hurayra (R.A.), kwamba bedui alimjia Mtume (S.A.W.) akalalamika kwamba mkewe amezaa mtoto mweusi, na maneno yake yalikuwa na dokezo lililoeleweka. Mtume hakumhoji juu ya mke. Alimuuliza juu ya ngamia zake. Yule bwana akasema anao, na ni wekundu. Akaulizwa kama yumo hata mmoja wa rangi ya kijivu. Akakiri kwamba wamo. Akaulizwa hao wametoka wapi. Akajibu kwamba pengine ni asili ya nyuma imewavuta. Mtume akamwambia kwamba na mwanawe huyo pengine asili imemvuta. Wanachuoni wamechukua kutokana na kisa hiki kwamba tofauti ya rangi peke yake haimpi mume ruhusa ya kumkana mtoto. Sisi hatuna elimu ya kutoa fatwa, lakini tunaona vigumu kupata mfano unaokaribiana zaidi na suala letu: mzazi anaona kwa mwanawe kitu asichokiona kwake, naye anaelekezwa awatazame waliopita.

Anayetamka tuhuma ajue anachokitamka. Surat An-Nur, aya ya 4, imeweka mijeledi themanini kwa anayemsingizia mwanamke mtahirifu bila kuleta mashahidi wanne, na kukataliwa ushahidi wake. Mume aliye na yakini na hana mashahidi amewekewa njia ya liani katika aya zinazofuata, kwa viapo vizito vyenye laana ndani yake, mbele ya kadhi. Mawifi hawakuwekewa njia yoyote. Baraza la Fiqhi la Rabita, lilipokutana Makka mwaka 2002, liliamua kwamba hata kipimo cha vinasaba, ambacho kina nguvu kuliko vyote, hakitangulizwi mbele ya liani katika kukana nasaba. Ikiwa hicho hakitoshi, kichupa cha maji ya ukungu kitawezaje kutosha?

Basi familia iliyo katika mtihani huu ifanye nini? Kwanza mtoto asisahauliwe katikati ya ugomvi. Awe S mbili, S na D, au S na thalasemia, anahitaji kliniki, kinga ya malaria, chanjo, na daktari wa kuamua juu ya dawa ya hydroxyurea, ambayo utafiti uliofanyika Mbale, Kilifi, Kinshasa na Luanda umeonesha kwamba inapunguza maumivu, kuongezewa damu na vifo kwa watoto wa Afrika. Kisha baba, mama na mtoto wapimwe upya wote watatu, mahali pamoja na kwa njia moja, mtoto akiwa hajaongezewa damu kwa miezi mitatu iwapo hali inaruhusu. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa mlango ni rufaa ya Bugando. Huko Dar es Salaam iko Muhimbili, ambako Profesa Julie Makani na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia maelfu ya wagonjwa tangu mwaka 2004. Ombeni kwa adabu kwamba hemoglobini ithibitishwe kwa njia mbili zinazotofautiana, na kwamba kwa baba ipimwe A2 pamoja na ukubwa wa chembe nyekundu. Mweleze daktari, bila haya, asili ya bibi na babu wa pande zote. Na hakikisheni jina katika kila cheti limeandikwa kwa ukamilifu hadi la babu. Katika foleni ya asubuhi moja hospitalini huweza kukaa akina Juma Hamisi watatu, na kuchanganyika kwa vichupa ni jambo linalotokea duniani kote.

Majibu yakija, yasomwe na daktari mbele ya wazazi wawili, na mashemeji wabaki nje.

Mama aliyetuandikia ameuliza pia kama akirejeana na mumewe wanaweza kuzaa tena. Ikiwa ni S kwa mama na D au thalasemia kwa baba, kila mimba ina nafasi moja katika nne ya mtoto mgonjwa, na nafasi tatu za mtoto asiyeugua, sawasawa na wazazi wawili wabebaji wa S. Kuhusu wachumba wanaotaka kupimwa kabla ya nikaha, kama ilivyo sharti Saudi Arabia tangu mwaka 2004 bila majibu kuizuia ndoa, na kuhusu masheikh wanaoulizwa kama wafungishe, tumepokea barua nyingi na tutaziandikia wiki ijayo Insha'Allah.